Jiwe Halijakubali

Mpenzi wangu Baba Nyemo,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, mama yako naye mzima, na binti yetu amepona yale mafua yaliyokuwa yanamkoromesha kama mzee. Mimi mwili hauna neno. Mengine yako mbele, na kwa ajili ya hayo ndiyo nimeshika kalamu.

Najua utashangaa. Simu ipo, na Jumapili tumeongea vizuri tu, mpaka ukaniambia nimechangamka. Ni kwamba kwenye simu siwezi. Wewe ukisikia sauti yangu imekaa upande, unaanza kunifariji kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, nami nafarijika kijinga, nakata simu bila kusema nilichopigia. Nimekufanyia hivyo Jumapili nyingi sasa. Barua haiwezi kukatizwa. Naituma kwa mama mmoja Mtanzania anayerudi Dodoma, amesema ataiacha kwa kaka yako, mtaani Nkuhungu. Tafadhali isomee shuleni, watoto wakishatoka, usiisomee nyumbani. Mama akikuona na bahasha atakuuliza "anasemaje" kabla hujaichana, na wewe uso wako haujui kusema uongo.

Mvua zikoje? Uliniambia ufuta wa bondeni umesimama vizuri ila ule wa juu umeota kwa mabaka. Nasikia kwetu Gulwe maji yamepanda tena hadi relini. Mama yangu nilipompigia akasema "tuko salama, mwanangu," kisha nikasikia watu nyuma yake wanapiga kelele za kuhamisha mbuzi. Ukipata nafasi mpigie wewe, labda atakwambia ukweli. Kwetu ndivyo tulivyo, Mgogo hasemi ana shida mpaka shida yenyewe imseme.

Huku ni theluji tu. Mwaka wa kwanza niliipiga picha, nikakutumia, ukaionyesha darasani. Sasa hivi nikiiona naifungia pazia. Japani ni nchi ya watu wenye adabu, sina la kuwalaumu, lakini adabu nayo inachosha pale ambapo hakuna mtu anayekugusa hata bega. Naweza kumaliza juma zima bila kuguswa na binadamu, hata yule anayenirudishia chenji anaiweka kwenye kisahani.

Juzi nilikwenda kununua chakula, nikapita penye ufuta. Hawa watu wanakula ufuta kuliko sisi tunaoulima. Nikachukua mfuko mmoja nikaugeuza nyuma, na katikati ya maandishi yao nikaona neno moja ninaloweza kulisoma: Tanzania. Sikuwa na mpango wa kulia dukani, lakini nililia, nimesimama pale na koti na kofia, nimekumbatia mfuko wa ufuta kama mtoto wa kuokota. Mwenye duka akaja akaniuliza kama nina mzio. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nianze.

Unakumbuka nilivyowaeleza kuhusu kazi yangu ile likizo ya mwisho, tumekaa uani Chemba, Mama anachambua karanga. Nilisema kuna vitu vichache sana duniani vyenye tabia mbili kwa pamoja. Ukikisogezea sumaku, kinatoa umeme. Ukikipa umeme, sumaku yake inageuka. Nikasema tukikipata kinachofanya hivyo kwa nguvu ya kutosha, tutaweza kutengeneza kumbukumbu za kompyuta zisizokula umeme mwingi, na vihisio vidogo vya kusikia sumaku ya moyo wa mtu juu ya nguo zake, bila kumbandika nyaya kifuani. Wewe ukauliza maswali ya mwalimu. Mama akauliza moja tu: "Sasa hicho kitu ni nini, ni dawa au ni mashine?" Nikamwambia ni kama kigae, unga unaochomwa mpaka unakuwa mgumu. Akasema, "Kumbe ni jiwe." Toka siku ile likaitwa jiwe. Kila nikipiga simu, swali lake la kwanza baada ya salamu ni hilohilo, jiwe limekubali?

Na mwisho wa mwaka jana nikawaambia limekubali.

Ngoja nikueleze lilivyokubali, maana kwenye simu nilikuwa napiga kelele tu. Nilikuwa nimechanganya unga wa metali iitwayo bismuthi na ule wa chuma, ambao kwa macho ni kutu tupu, pamoja na vikolezo vingine. Nikausaga siku nzima, nikaushindilia ukawa kama kidonge kikubwa, nikauchoma kwenye tanuri. Bismuthi ina tabia mbaya, ukizidisha moto kidogo inapaa kama mvuke, ukipunguza haishikani. Nimeunguza vidonge vingi mpaka nikaacha kuhesabu. Vingine vilivuja umeme kama gunia linavyovuja mtama. Kile cha mwisho kilitoka kizuri, cheusi, kigumu, kinalia ukikigonga. Nikakipaka rangi ya fedha pande zote mbili, nikakiunga nyaya, nikakiweka kwenye kishikio katikati ya sumaku, nikaitikisa sumaku. Mashine ikaonyesha volti. Nikaongeza kasi ya mtikisiko, volti zikapanda. Nikaongeza tena, zikapanda tena. Profesa wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Mzee huyu hana maneno mengi, lakini siku hiyo alicheka kwa sauti.

Mnajua mlichofanya baada ya hapo kuliko ninavyojua mimi. Mama alichinja mbuzi. Uliniambia alipita kwa majirani mwenyewe, Wakristo kwa Waislamu, akiwaambia jiwe la mkwe wake limekubali na atarudi kabla ya kuvuna ufuta. Wewe ukaanza kuezeka ile nyumba yetu ya Nkuhungu tutakayohamia. Huku nako Profesa akaandika makala na mimi, ikakubaliwa, nikapangiwa siku ya kuitetea tasnifu yangu mbele ya maprofesa. Baada ya hapo ilibaki kufunga sanduku.

Wiki chache baadaye nilitaka kujizoeza kuunga nyaya vizuri zaidi, kwa sababu vidonge vizuri ni vichache na kila ukiunga vibaya unakiua kimoja. Siku hiyo nilikuwa nimevunja kikombe changu cha chai. Nikachukua kigae chake, kipande cha kikombe tu, udongo wa kawaida usio na sumaku wala umeme wala baba yake, nikakipaka rangi ya fedha nikakiunga nyaya. Nikakiweka kwenye kishikio nione kama nyaya zitashika. Sijui kwa nini niliwasha mashine. Mazoea ya mkono tu.

Kikombe kilitoa volti. Zilezile. Nikaongeza kasi ya mtikisiko, zikapanda vilevile.

Baba Nyemo, nilikaa chini kwenye sakafu. Nilijua papo hapo. Hata wewe umeshajua hapo ulipo. Sumaku inayotikisika ikipita katikati ya duara la waya, inaamsha umeme ndani ya waya wenyewe. Ndivyo dinamo ya baiskeli inavyowasha taa. Mimi niliyafundisha hayo kidato cha tatu kabla sijaja huku, nilichora ubaoni, nilitoa mtihani, na nilimpa sifuri kijana aliyekosea. Nyaya za kishikio chetu zinazunguka kwa duara pana kabla ya kufika kwenye jiwe. Volti zote zilikuwa za duara lile. Jiwe lilikuwa limekaa tu pale kama mgeni kwenye sherehe ya watu wengine.

Utaniuliza, hukupima bila jiwe? Nilipima. Lakini kila nilipopima bila jiwe nilikitoa kishikio chote pamoja na nyaya zake, maana ndivyo tulivyofundishwa kukitunza. Kwa hiyo duara lilitoka pamoja na jiwe, na mashine ikasoma sifuri, nami nikaandika sifuri kwa furaha.

Na sasa nikwambie kinachonikera kuliko yote. Lile duara nililiona siku ya kwanza. Niliona nyaya zimepinda vibaya na nikataka kuzisokota pamoja. Lakini kishikio kile Profesa alikitengeneza kwa mikono yake akiwa kijana, wanafunzi wote waliopita wamekitumia, na kila akikishika anakishika kama mtu anayeshika kitu cha marehemu mama yake. Nikajiambia, kitu cha mkubwa hakigeuzwi. Unanijua, katika miaka yote niliyokaa kwa mama yako sijawahi kusogeza figa moja la jiko lake, hata pale sufuria lilipokaa tenge nikamwagikiwa na uji mguuni. Nililelewa hivyo na nilikuwa najivunia. Hapa maabara hakuna mtu aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe, kwa heshima, na heshima hiyo imekula miaka yangu yote ya huku.

Nilikaa na jambo hili kifuani bila kumwambia mtu. Ndizo zile Jumapili nilizokuwa nachangamka. Nataka ujue nilichokuwa nawaza, hata kama hakinipendezi. Nilikuwa nawaza kwamba hakuna anayejua. Makala imepita, siku ya utetezi imepangwa, watu watauliza mawili matatu na watapiga makofi. Nitarudi kabla ya kuvuna, na hilo jiwe litajijua lenyewe na dunia yake. Usidhani nilikuwa nashindana na shetani, mimi nilikuwa nashindana na hamu ya kukaa nyumbani kwangu. Ungekuwa uongo wa kuiba ningeukataa kirahisi. Ulikuwa uongo wa kunirudisha kwenu.

Kilichonivunja ni Nyemo, bila yeye kujua. Ile Jumapili ulipompa simu, akasema, "Shikamoo." Nikaitikia. Akamgeukia bibi yake akamwambia kitu kirefu kwa Kisandawe chenu, ulimi unagonga kaakaa pale mnapogonga ninyi, na wote wawili wakacheka. Nikamuuliza, "Unasemaje, mama?" Akasema kwa Kiswahili safi, kwa adabu, "Hamna kitu. Haya, nampa baba." Kama anavyoongea na mwalimu mkuu wako. Mtoto niliyempa jina la kwetu, maana yake furaha, anacheka kwa lugha nisiyoisikia, na mimi ananiamkia.

Hapo ungetegemea niseme basi, nanyamaza, narudi kwa mtoto wangu. Nami ndivyo nilivyotegemea. Lakini nililala nikaona kwamba nikirudi na ule uongo, nitakuwa mtu wa kumwekea yeye mapazia kama ninavyoiwekea theluji. Watu wataniita daktari na nitaitika. Nitasimama chuoni hapo Dodoma, nifundishe vijana kupima, nikijua mimi mwenyewe nilipima kikombe. Na kuna mtu mwingine mahali fulani atasoma makala yetu, atachoma mawe yake miaka mingi akitafuta namba zetu, na hatazipata. Huenda na yeye ana Nyemo wake.

Nikaenda kwa Profesa asubuhi. Nikamwekea kigae cha kikombe mezani, kimepakwa rangi ya fedha. Akakigeuza. Akauliza, "Hii ni sampuli gani?"

Nikamwambia, "Ni kikombe changu cha chai."

Alinyanyuka akaenda kwenye mashine yeye mwenyewe. Alikipima, akakitoa, akakipima tena. Kisha akazisokota zile nyaya pamoja kwa vidole vyake, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, zikawa kama msuko, lisibaki duara lolote. Akaweka jiwe langu, lile zuri, jeusi. Namba ikaanguka ikabaki kurukaruka karibu na sifuri, kelele tupu za mashine. Tulisimama wote wawili tunaiangalia kama watu wanaosubiri mgonjwa aseme neno. Haikusema.

Akasema, "Kishikio hiki nilikitengeneza mimi."

Nikasema, "Najua."

"Na wenzako waliotangulia, wote walikitumia."

Hilo nalo nilikuwa nalijua. Sikuwa nimeangusha kazi yangu peke yake. Basi mzee yule, umri wa baba yangu, aliweka mikono mapajani akaniinamia, akakaa hivyo muda mrefu. Huku ndivyo wanavyoomba radhi. Nilitamani anigombeze. Nilitamani anifukuze nitoke nikilia kwa haki. Mtu aliyekuzidi umri akikuinamia hujui uweke wapi macho yako.

Makala itaondolewa. Utetezi umefutwa, kwa sababu hakuna cha kutetea. Ufadhili wangu unaisha kabla ya kiangazi cha huku. Profesa akasema anaweza kuniombea mwaka mmoja zaidi nianze upya, kwa kishikio kipya, lakini alitakiwa kuwajibu wakubwa wake siku ileile. Akaniuliza kama nataka kwenda nje nipige simu nyumbani kwanza.

Baba Nyemo, hapa ndipo sikuweza kufika kwenye simu. Sikupiga. Nilisema ndiyo palepale nikiwa nimesimama. Nimekubali mwaka mwingine bila kukuuliza wewe mume wangu, ambaye umekula peke yako, umelala peke yako, umesuka nywele za mtoto mpaka wakakucheka shuleni. Na usidhani nilikubali kwa ajili ya sayansi. Nilijiona ninashuka stendi ya Chemba na sanduku, na wale waliokula mbuzi wa Mama wanakuja kunipokea, na mmoja anauliza jiwe liko wapi. Nikaona aibu, nikasema ndiyo. Nimewaacha tena kwa sababu ya aibu.

Na hata mwaka huo siuamini. Zamani nikiunguza kidonge nilikuwa naenda kwenye kingine kwa hasira nzuri, kama mtu anayepika kwa ajili ya wageni. Sasa nikisimama mbele ya tanuri sisikii kitu. Inawezekana kabisa jiwe hili halina tabia ninayoitafuta, au inayo kidogo mno isisaidie mtu yeyote. Inawezekana mwaka ukiisha nitakuwa hapahapa, nimezeeka zaidi, na kutu kwenye kucha. Sina mtu wa kumwambia hayo ila wewe, na wewe ndiye niliyekukosea.

Nakuomba mambo machache. Mwambie Mama ukweli, kwa lugha yenu, maana kwa Kiswahili nikijaribu mimi atadhani naficha ugonjwa. Najua anaamini jiwe lingewekwa kifuani kwake siku moja na safari zake za kwenda Dodoma kupimwa moyo zingekwisha. Mimi ndiye niliyemwachia aamini, kwa sababu alifurahi. Mwambie halijakubali, na wala lisingefika kwake hata kama lingekubali, si kwa miaka mingi. Asiache dawa zake hata siku moja akisubiri langu. Nyumba ya Nkuhungu usiiuze, lakini kama kuna mtu wa kupanga, mpangishe. Nyumba isiyo na mtu inaharibika.

Nisalimie kaka yako na mkewe, waambie asante kwa kuipokea bahasha na kwa kutoifungua. Wasalimie walimu wenzako, hasa yule mwalimu wa kike wa darasa la kwanza anayemshika Nyemo mkono akivuka barabara. Sijawahi kumwona na namwonea wivu. Msalimie mchungaji, na yule mzee wa Kiislamu jirani yetu aliyeniombea dua nilipoondoka. Mama yangu nitampigia mwenyewe. Nyemo mbusu, usimwambie ni mimi niliyetuma, asije akakuuliza nakuja lini.

Nikirudi kusoma nilichoandika naona nimekuomba mengi na sijakuuliza lile moja nililopaswa kuuliza kabla sijasema ndiyo. Basi nauliza sasa, nikiwa nimechelewa. Je, unaweza mwaka mwingine? Usinijibu kwa huruma, huruma yako ninaijua na ndiyo imenifikisha hapa. Ukiona umechoka, niandikie umechoka. Ukiona kuna mwanamke anayekaa karibu, anayeweza kumvusha mtoto barabara na kukupikia ugali wa moto, niandikie na hilo, nilisome nikiwa nimekaa chini. Nitalia, lakini sitakulaumu, na sitakuja kuwasumbua.

Nasubiri jibu lako, na naliogopa.

Mkeo, kama bado jina hilo ni langu,

Mama Nyemo